Kufuli la Upande wa Taratibu

Karakana ile ya mabango ilikuwa na kompyuta moja tu, na kompyuta yenyewe ilikuwa kama nyumba ya wapangaji wawili wasiosalimiana. Ukiiwasha, kabla ya yote ilikuuliza unaelekea wapi, Windows au Linux. Windows waliiita upande wa mashine, kwa sababu mashine ya kukatia stika haikuelewana na upande mwingine wowote. Linux ulikuwa upande wa Taratibu, mwenye karakana. Huko ndiko alikochora herufi zake na kutunza kazi za wateja, na nenosiri la kuingilia alilijua peke yake.

Jina la Taratibu alipewa na watu kwa namna yake ya kusema. Ukimuuliza jambo hutulia kwanza, hutazama dari, kisha hukupa maneno matatu yaliyopimwa kama dawa. Wateja walimsifu kwamba ana busara. Hakuna aliyewahi kumsikia akigombana.

Upande wa mashine uliendeshwa na shemeji yake, mke wa mdogo wake, mama kijana mwenye mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa. Pale karakana walimwita Bi Darasa. Kila jioni alimwachia mama mkwe mtoto, akabeba mkoba wenye daftari na nepi zilizochanganyika, akaenda darasa la kompyuta la watu wazima. Jina lilianzishwa na Gundi, fundi wa kubandika stika, mtu asiyeweza kuona kimya akakiacha kipite. Asubuhi akimwona humuuliza jana wamefundishwa kuwasha au kuzima. Bi Darasa hujifanya kukasirika, lakini moyoni jina hilo alilipenda. Hajawahi kuwa na jina lililotokana na kitu anachokijua.

Kazi yao ilikuwa na utaratibu wake. Taratibu akimaliza kuchora huko kwake, huiweka kazi kwenye flashi, huizima kompyuta, huiwasha upya upande wa mashine, kisha humkabidhi Bi Darasa flashi mkononi. Hajawahi kuirusha wala kuiacha mezani. Ukiwa upande wa mashine, upande wake hauonekani kabisa. Windows huliona eneo lile la diski kama shamba lisilo na mwenyewe, na mara nyingine hukuuliza kama ulifyeke uanze upya. Mwalimu wa jioni aliwaonya kwamba siku ukiulizwa swali hilo jibu ni hapana, tena uondoe mkono kwenye mausi usije ukateleza. Shambani mle mna mazao ya mtu, alisema, ni wewe tu huyaoni.

Wiki ile ilikuwa ya harusi. Binti wa kwanza wa Taratibu alikuwa anaolewa Jumamosi. Kwenye kikao cha familia mume wa Bi Darasa alijitolea kusimama na kusema neno la mzazi, maana shughuli zote za familia msemaji alikuwa yeye, na kaka mtu hukaa pembeni akitikisa kichwa. Safari hii Taratibu alitazama dari, akasema hapana, atasema mwenyewe. Bibi harusi alitoka nje kidogo, aliporudi macho yalikuwa mekundu. Wengine hawakuelewa kilichomliza.

Jumatano mama wa mikate akaingia karakana bila miadi. Duka lake lilikuwa linafunguliwa kesho yake, na bango alilotaka lilikuwa bado halijakatwa hata herufi moja. Bi Darasa alimweleza kwamba mchoro uko tayari tangu jana, ila uko kwa bosi, na bosi ameenda kutundika bango kwenye zahanati akiwa na flashi mfukoni. Walimpigia simu. Ikaita mpaka ikachoka. Mtu aliye juu ya ngazi hapokei simu.

Mama wa mikate aliitazama kompyuta, akauliza kama wameiweka pale kwa mapambo.

"Muulize Bi Darasa," Gundi akasema huku akitafuna muhogo mbichi. "Ada analipia nini kama mchoro ulio mezani mpaka usubiri mtu ateremke ngazi?"

Hapo ndipo ilipoanzia. Bi Darasa alichomoa flashi yake mwenyewe kutoka katikati ya nepi. Ndani yake mlikuwa na programu waliyopewa na mwalimu, ya kusomea mafaili ya Linux ukiwa Windows. Inasoma tu, haiandiki, kwa hiyo haiharibu. Aliifungua. Kwanza kioo kilikaa kitupu, Gundi akaanza kuguna. Halafu shamba likatokea, folda moja chini ya nyingine, majina yamejipanga kama watoto kwenye mstari wa shule. Gundi akaacha kutafuna.

Aliupata mchoro wa mama wa mikate, akaunakili upande wa mashine, akaupeleka kwenye kukatwa. Mashine ikaanza kukwaruza stika. Raha aliyoisikia haikuwa ya kawaida. Alitamani mwalimu angekuwepo, na mumewe, hata mama mkwe aliyekuwa akiuliza kila siku masomo hayo yataisha lini.

Mambo yangeishia hapo. Lakini mama wa mikate alikumbuka kwamba maneno aliyatuma kwa sauti, na kwenye ujumbe ule alisema "kila asubuhi", asije akaandikiwa "kila siku", maana jioni hauzi. Akaomba wausikilize wahakikishe. Bi Darasa akarudi kule kule. Akaona folda iliyoandikwa Sauti. Akaifungua, akabofya faili la juu. Spika zilikuwa wazi kwa sababu Gundi huzitumia kupiga muziki.

"Mimi... mimi ni b... b... ba..." Ikafuata pumzi ndefu. Mtu akasonya. Kimya.

"Nani huyo?" Gundi akasema. "Pikipiki imekataa kuwaka?"

Mama wa mikate akacheka. Bi Darasa aliijua sauti. Aliijua kabla hata ya neno la kwanza, kwa ile pumzi inayotangulia, ile ambayo watu wote huidhania kuwa ni busara. Alijua pia kwamba hii si folda ya wateja. Alitakiwa kuifunga. Ilikuwa kazi ya kidole kimoja.

Gundi akasema aweke nyingine. Naye wakati huo alikuwa ndiye mtu aliyefungua upande uliofungwa, watu wawili wamemzunguka, na kwa mara ya kwanza Gundi anasubiri mkono wake badala ya kuutania. Mkono ukaenda.

"Ndugu zangu, mimi ndiye b... b... b..."

Akacheka. Si sana. Kicheko kidogo cha puani, cha kumfuata Gundi. Lakini alicheka, na alipoinua macho Taratibu alikuwa amesimama mlangoni na ngazi begani.

Aliiweka ngazi chini polepole, kama anayemlaza mtoto aliyesinzia. Alimsalimia mama wa mikate. Akataka kumwambia kazi yake iko tayari, na mbele ya macho yao, mtu yule ambaye maneno yake hayakuwahi kujikwaa, akakwama. "Kazi yako i... i... i..." Safari hii hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya kuliko kicheko. Taratibu alitoa flashi mfukoni, akaiweka mezani mbele ya shemeji yake, akatoka nje.

"Jamani," mama wa mikate akanong'ona. "Kumbe ni yeye?"

Gundi alienda bombani kunawa mikono, akanawa muda mrefu kama mtu anayetaka kuondoa ngozi. Bi Darasa alitamani ardhi ipasuke. Wahenga walisema uso umeumbwa na haya, na siku hiyo aliuhisi wake, kila sehemu yake, unavyowaka mpaka masikioni. Darasani hakwenda.

Jioni mumewe alirudi na habari. Kaka amempigia, anaomba yeye ndiye aseme Jumamosi. Eti mafua, sauti imemkauka. Bibi harusi ameshaambiwa, na alipoambiwa alikata simu bila kuaga. Mume akavua viatu akatikisa kichwa. Akasimulia jambo ambalo hakuwahi kulisimulia, kwamba kaka yake ana kigugumizi. Darasa la tatu mwalimu alimsimamisha asome kwa sauti, akakwama kwenye mstari wa kwanza, na mwalimu akaliacha darasa licheke mpaka litosheke. Tangu siku hiyo akajifunza kusema polepole na kukwepa maneno. Neno linalomkwamisha huliona likija, akalizunguka, akachukua lingine.

"Wewe uko naye kila siku," mume akasema. "Umewahi kumsikia akitamka neno bango?"

Alifikiri. Hakuwahi. Yeye husema kazi. Kazi ya zahanati, kazi ya mama wa mikate. Mtu ametengeneza mabango maisha yake yote na hajawahi kuyaita kwa jina.

"Sasa baba utaliitaje?" mume akaendelea. "Unaweza kusema mimi ni mzazi, sawa. Lakini alitaka aseme baba wa bibi harusi. Alisema neno hilo hataki kulizunguka."

Mtoto alikuwa sakafuni anakivuta kiatu cha baba yake huku akiimba ba-ba-ba-ba, naye mume akasahau huzuni, akampigia makofi, akamwambia sema tena mwanangu, sema tena. Mama akainuka akaenda jikoni. Alisimama akiitazama sufuria ambayo haikuwa na kitu. Mumewe alipomuuliza kulikoni, akasema kichwa kinauma. Hiyo nayo akaiongeza kwenye mzigo.

Alhamisi aliwahi karakana kuliko wote, au alidhani hivyo. Taratibu alikuwa amekwisha kuketi kwenye kompyuta, upande wake, mgongo umeelekea mlango. Bi Darasa alisalimia. Akaitikiwa. Akabaki amesimama na mkoba begani kama mgeni aliyekuja kuomba kazi.

"Shemeji," Taratibu akasema bila kugeuka. "Nimekosea mahali. Folda ile nilidhani nimeifunga. Hata mtu akiingia kwa akaunti nyingine, inatakiwa imkatalie. Sasa naangalia, kufuli lipo. Labda sikulifunga sawasawa. Uzembe wangu."

Ilikuwa rahisi kunyamaza. Mlango ulikuwa umefunguliwa kwa ajili yake na kilichobaki ni kupita. Angesema labda, shemeji, na mashine hizi zina mambo, na yule mtu angebeba kosa lile pamoja na mengine aliyokwisha kuyabeba tangu darasa la tatu. Gundi hajui lolote la makufuli. Mama wa mikate asingerudi kuuliza. Mtu pekee aliyejua ukweli ni yeye, na ukweli wenyewe aliupata kwenye masomo yale yale aliyojivunia.

"Hukukosea," akasema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi arudie. "Hukukosea, shemeji. Ulifunga vizuri. Makufuli ya upande huu yanaheshimiwa na upande huu tu. Mtu akitokea Windows na programu ya kusomea, hayamuulizi kitu. Anapita tu. Mimi ndiye niliyepita. Programu nilikuja nayo mwenyewe."

Taratibu akageuza kiti.

"Nilitafuta mchoro wa mama wa mikate," akaendelea, maana alijua akisimama hataweza kuanza tena. "Nikaupata. Halafu sauti yake ndiyo niliyodhani naifungua. Ile ya kwanza sikujua. Ya pili nilijua. Nilikujua kabisa, na nikabofya."

"Ukacheka?"

"Nikacheka."

Huko nje kuna mtu alikuwa anasukuma mkokoteni, gurudumu moja linalia. Walilisikiliza mpaka likapotea. Bi Darasa alitegemea kufukuzwa. Alikwisha kujipanga njiani kwamba akifukuzwa hatajitetea, ataaga na kwenda, na nyumbani atasema sababu, yote, bila kuipaka sukari.

"Kwa hiyo nilifunga," Taratibu akasema.

"Ulifunga."

"Nilifunga vizuri."

"Vizuri kabisa, shemeji."

Alilirudia neno hilo kimoyomoyo, midomo yake ilionyesha. Jana alipotoka pale, alimwambia, kilichomkosesha raha hakikuwa vicheko. Vicheko anavijua. Ni kule kuwaza kwamba ameshindwa hata kufunga folda, mtu kama huyo anasimamaje ukumbini mbele ya watu. Ndipo akampigia mdogo wake.

Bi Darasa alimweleza kwamba ipo namna ya kuyachanganya mafaili yenyewe, mtu akitokea upande wowote akute takataka tupu mpaka atoe nenosiri. Akasema anaweza kumwonyesha, lakini nenosiri Taratibu aliweke mwenyewe, yeye akiwa amegeukia ukutani. Taratibu alitikisa kichwa kukubali, lakini mawazo yake yalikuwa kwingine.

"Ya mwisho uliisikiliza?"

"Hapana. Mbili tu. Za juu."

"Za juu ndizo za kwanza." Alitazama dari. Bi Darasa akaona kwa mara ya kwanza kwamba shemeji yake hakuwa akitafuta busara kule juu, alikuwa akilitazama neno linakuja, na safari hii hakulizunguka. "Ya mwisho nilisema b... b... baba. Nikaenda mpaka mwisho."

Hakujitolea kumsikilizisha, naye Bi Darasa hakuthubutu kuomba. Haki hiyo alikuwa nayo juzi, kabla ya kujichukulia isiyokuwa yake.

Gundi alifika muda si mrefu. Alikuta wamekaa wawili, uso wa mmoja ukutani, mwingine anaandika nenosiri. Akachukua ufagio, kitu ambacho hakuwahi kukigusa tangu aajiriwe, akafagia karakana yote mpaka chini ya mashine, na alipomaliza akafagia tena. Ilipofika mchana alimwendea Taratibu, akasimama, akasema, "Bosi, mimi mdomo wangu siku moja utanizika." Taratibu akamwambia basi auache ukapumzike, kuna kazi nyingine ya zahanati inataka kubandikwa. Gundi akaenda mbio.

Kabla ya kufunga, Taratibu alimpigia simu mdogo wake mbele ya Bi Darasa. Alisema mafua yamepona. Halafu akaweka simu mezani, akavuta pumzi.

"Shemeji, nitasema mwenyewe. Ila nakuomba kitu. Wewe na Gundi msikae mbele. Nikiziona nyuso zenu pale, nitaisikia tena ile ya jana."

Alisema bila hasira, kama anayempa vipimo vya ubao. Hilo ndilo lililomchoma. Angetukanwa angejua pa kuuweka mzigo. Akajibu kwamba atakaa nyuma. Jioni hiyo, kabla ya kula, alimwambia mumewe mambo yote. Mumewe akaondoa sahani yake mezani, akala peke yake barazani.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Gundi alijichimbia nje na watu wa magari. Bi Darasa aliketi meza ya mwisho karibu na mlango wa jikoni, nyuma ya nguzo iliyovishwa kitambaa cheupe, mtoto mapajani. Mama mkwe alimtuma mtu mara mbili aje meza ya familia. Akajibu mtoto anasumbua. Mtoto alikuwa amelala fofofo. Shangazi mmoja aliyepita akamwambia wasomi siku hizi mnajitenga, yeye akatabasamu, akamfunika mtoto vizuri.

Mshereheshaji akamwita baba wa bibi harusi. Makofi yakapigwa, yakaisha. Kipaza sauti kikakwaruza.

"Ndugu zangu," sauti ikasema, taratibu kama kawaida. "Mimi ni b..."

Ukumbi ukangoja. Sauti ikarudi kwenye herufi ile ile, ikagonga, ikarudi tena. Mahali fulani kiti kilisogezwa. Mama aliyeketi jirani, amejipamba vizuri, mgeni wa upande wa pili, akabana kicheko kwa ncha ya mtandio, akamgeukia Bi Darasa amgawie, kama wanawake wanavyogawiana kicheko. Ulikuwa uso wa mtu mwema. Bi Darasa aliutazama, akautambua. Ni uso aliouvaa yeye siku ile mbele ya kompyuta.

"Subiri," akamwambia kwa sauti ya chini. "Anafika."

Yule mama aliona haya, akashusha mtandio. "Unamfahamu?"

"Ni shemeji yangu."

Huko mbele herufi iligonga tena, na tena, pumzi ikapita kwenye spika zote nne, halafu neno likatoka zima, baba, na baada yake yakafuata mengine, mimi ni baba wa bibi harusi, hayakukimbia wala hayakusimama. Aliwashukuru waliokuja. Alisema machache kuhusu mtoto aliyekuwa akilala juu ya mabaki ya stika karakana ilipokuwa chumba kimoja. Mengine Bi Darasa hakuyasikia vizuri kwa sababu mwanawe aliamka, na makofi yalianza kabla msemaji hajamaliza.

Watu wakasimama ili waone. Yeye alibaki ameketi. Kama bibi harusi alilia, kama alimkumbatia baba yake, hakuona. Nguzo ilimkinga. Ilibidi aje aambiwe na wengine.